Jina Lililotajwa Getini

Katika yadi niliyofanyia kazi Changamwe, nilikuwa watu wanne. Getini nilikuwa kisahani cha shaba chenye namba. Visahani vyetu vilitundikwa kwenye ubao wa mlinzi. Asubuhi ulitaja namba yako, ukapewa chako, ukampelekea nyapara, naye akajua umefika. Stoo, nilikokwenda kuchukua buti na brashi, nilikuwa uso tu. Mwenye stoo alikuwa mzee wa Kisauni ambaye hakuamini shaba wala karatasi. Akishakukazia macho mara moja, basi amekujua mpaka mwisho wa dunia. Dispensari nilikuwa kadi ya manjano. Na kwenye nyumba za kampuni, nilikokaa na mke wangu katika chumba kimoja chenye kibaraza cha saruji, nilikuwa "mtu wa Likoni", kwa kuwa mlinzi wa huko alimwita kila mpangaji kwa jina la atokako na hakutaka kusumbuliwa na zaidi ya hayo.

Hao watu wanne hawakujuana, na mambo yalikwenda. Ukipoteza kadi ya dispensari, bado ulipata buti. Ukigombana na mlinzi wa geti, bado ulilala kwako. Mimi wakati huo nilikuwa nikinung'unika kila siku kwamba kazi moja ina milango mingi mno, na kila mlango una bwana wake na kiburi chake. Ningalijua yaliyokuwa yanakuja ningalifunga mdomo.

Tulikuwa pia na desturi yetu, ambayo wakubwa waliiita wizi na sisi tuliiita kubebeana. Kabla sijapewa chumba cha kampuni nilikuwa nikivuka feri kila asubuhi kutoka Timbwani, na feri ile haikuwa na ahadi na mtu. Siku inapokwama, wenzetu waliokaa Magongo walitaja namba zao na zetu pamoja, wakampelekea nyapara visahani vyote, nasi tukaingia baadaye tukitokwa jasho. Hakuna aliyekosa kazi. Tulichelewa tu, na jioni tulikaa zaidi kufidia. Nilipohamia ng'ambo hii, ikawa zamu yangu kuwabebea wenzangu wa Likoni. Mtu aliyekataa kubeba alionwa hana utu.

Haya yaliendelea mpaka miaka ya mwisho ya Mzungu, wakati kila mtu alikuwa akizungumza habari za bendera na kila ofisi ilikuwa ikibadilisha mabwana. Kwetu alikuja bwana kijana, shingo imebabuka kwa jua, mpole kupita kiasi. Alisema tafadhali kwa watu ambao hawakuwahi kuambiwa hivyo na mkubwa yeyote, tukawa hatujui tutazame wapi. Siku moja alitukusanya uwanjani, karani akisimama kando yake kututafsiria. Yule karani alikuwa mwenyeji wa kisiwani, mtoto wa watu, amesoma, na Ijumaa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama wima yenyewe. Alitueleza kwamba mambo ya visahani yamekwisha. Kila mtu atapewa kadi moja. Mwisho wa kila mwezi atabonyeza kidole gumba kwenye wino mbele ya karani, karani atalinganisha na alama ya kwanza aliyoweka, na zikiafikiana kadi itapigwa muhuri. Kadi yenye muhuri itafungua kila kitu: geti, stoo, mshahara, dispensari, nyumba. Isiyo na muhuri haitafungua chochote.

Visahani vyetu vikakusanywa kwenye gunia. Nitasema kweli, nilifurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba kumbe Wazungu nao wakitaka wanaweza kufikiri. Mtu mmoja, kidole kimoja, kadi moja mfukoni. Hata yule mzee wa stoo alilazimishwa kutazama kadi, na alikuwa akiitazama kwa upande kama anayeonjeshwa dawa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuosha mapipa. Mapipa ya mafuta yalirudi machafu, tukayasugua kwa maji ya moto yenye soda kali, yakatoka yakimeta ndani. Tulipewa glavu, lakini kingo za mapipa zilizichana upesi, na mwenye glavu mpya alikuwa mzito wa kazi kuliko asiye nayo. Tulitumia mikono mitupu. Soda ile ilikuwa inakula ngozi kidogo kidogo, bila kuumiza sana, mpaka vidole vikawa laini na vyekundu. Mke wangu alinitania kwamba nina mikono ya bwana harusi wa siku saba, hajashika jembe wala kasia. Nami nilijivuna, mjinga mimi.

Miezi ya kwanza ilipita. Kisha mwisho wa mwezi mmoja nikakaa mbele ya karani, nikabonyeza, akainua karatasi, akaniambia nibonyeze tena. Nikabonyeza. Akanipangusa kidole kwa spiriti, tukajaribu tena. Akajaribu cha kushoto. Akavijaribu vyote, kimoja kimoja, na kila kimoja kikaacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja, kama mtu aliyedondosha uji.

"Hapana kitu hapa," akasema.

"Pana kidole," nikamjibu.

"Kidole kipo. Chako, sijui."

Nilidhani anafanya mzaha, nikacheka. Hakucheka. Aliniambia kwamba kanuni haimruhusu kupiga muhuri, na kwamba kadi itabaki kwake mpaka jambo hili liamuliwe. Akaitia kwenye mtoto wa meza. Nikarudi kwenye mapipa yangu, nyapara akaniuliza kadi, nikamweleza, akasema asiye na kadi hashiki brashi. Basi nikaona heri niende nyumbani nikapumzike. Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Kadi."

"Iko kwa karani."

"Basi huwezi kutoka."

"Kaka, mimi nimeingia hapa asubuhi, na wewe ndiwe uliyenifungulia."

"Niliyemfungulia alikuwa na kadi," akasema, na akatazama kando, kwa maana alikuwa mtu tuliyekuwa tukigawana naye tumbaku.

Nikarudi kwa karani. Karani akasema suala la geti si lake, niende ofisi kuu. Ofisi kuu mlango wake nao una mlinzi, naye akataka kadi. Nikaketi kwenye benchi lililokuwa katikati ya milango hiyo, juani, sina ruhusa ya kufanya kazi, sina ruhusa ya kuondoka, wala sina ruhusa ya kuingia kwa mtu anayeweza kunipa mojawapo. Wenzangu walipita na mapipa yao wakinitazama. Nimeshawahi kuwa na njaa, nimeshawahi kuwa mgonjwa, lakini sijawahi kuona kitu kibaya kama kuwapo mahali watu wote wakujua na hakuna anayekubali kwamba ni wewe.

Baadaye yule bwana mwenyewe alitoka, akaniona, akaitisha karani, wakazungumza kwa Kiingereza. Kanuni yake ilikuwa imeliwazia hilo pia. Asiyetambulika kwa kidole atatambuliwa na mzazi wake. Mzazi aje mwenyewe, amtazame, na ataje jina lake kamili lote, karani alilinganishe na lililoandikwa siku ya kuajiriwa. Wafanyakazi wenzangu hawakubaliwi kunishuhudia, kwa sababu sisi ni watu wa kubebeana na sifa yetu imeshatutangulia. Wale wa bara, ambao wazazi wao wako mbali, waliruhusiwa kuleta barua ya chifu. Mimi mzazi aliyebaki ni mama, naye alikuwa ng'ambo ya feri tu. Nilipewa mpaka mwisho wa juma. Ukipita, nafasi yangu itajazwa, na chumba changu kitapewa mwingine.

Nikaomba mke wangu aitwe, maana alikuwa karibu, pengine bwana angeona imetosha. Akaja na mtoto mgongoni, khanga ameifunga vibaya kwa haraka. Wakamsimamisha getini, karani akamuuliza huyu ni nani.

"Ni baba wa mwanangu."

"Jina lake?"

Mke wangu akatazama kidole chake cha mguu. Yule bwana akauliza kitu, na kwa uso wake nilijua anauliza kama huyu mwanamke hajui jina la mumewe. Karani akamjibu kwa maneno mengi kidogo. Bwana akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeonyeshwa ndege asiyemjua, kisha akasema kwamba hata hivyo mke si mzazi.

Kwetu mke hataji jina la mumewe. Jina la mkwewe ndilo kabisa. Hilo analipitia mbali, hata akilikuta kwa mtu mwingine. Palikuwa na muuza samaki mtaa wa Shika Adabu aliyekuwa na jina moja na babu yangu, na mama hakumwita ila "jina la mkwe". Sasa mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume wa babangu, na kama ilivyo ada nilipewa jina la huyo babu. Kwa hiyo tangu nizaliwe mama aliniita Baba. Nikiwa mtoto mchanga nalia, aliniambia, "Nyamaza, Baba." Nikipanda mkorosho wa watu, alisimama chini akasema, "Baba, hebu shuka, tafadhali." Hakuwahi kunipiga, maana utampigaje mkwe wako? Nikikosa sana alinipeleka kwa shangazi yangu, dada wa babangu, ambaye alilitaja jina langu wazi wazi na fimbo ikafuata hapo hapo. Na chakula mama alinipakulia mimi kwanza, kabla ya ndugu zangu, akiniwekea sahani kwa mikono miwili. Ndugu zangu walinichukia kwa hilo, na nina hakika wangali wananichukia kidogo.

Jina langu kamili, kama lilivyoandikwa kazini, ni langu, na la babangu, na la babu. Yaani la mkwe, la mume, kisha la mkwe tena. Hapakuwa na kipande cha jina hilo ambacho mama aliwahi kukitia mdomoni. Nami hapa sitaliandika.

Kwa amri ya bwana, mlinzi alinisindikiza nje kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Nilikwenda nyumba za kampuni, na kule "mtu wa Likoni" sasa hakutosha. "Ni hizi kadi zao, ndugu yangu," mlinzi akasema, "mimi pia nina watoto." Nikazunguka nyuma kwenye ua wa waya. Mke wangu akaja upande wa ndani. Sahani haikupita kwenye matundu ya waya, kwa hiyo alikunja chapati akazipenyeza moja moja, nami nikala nimesimama, mtoto akinikodolea macho. Aliniuliza tutakwenda wapi tukitolewa. Kwa mama nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ndugu zangu wote walikuwamo na wake zao. Nilikuwa nimeoa kwa nguvu ya chumba kile; baba mkwe wangu alikitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi.

Nikavuka feri. Mama nilimkuta uani anashona makuti. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona siku ya kazi. Nikamweleza yote, kidole, kadi, benchi, waya. Alishona huku akisikiliza.

"Sasa hawakujui?" akauliza.

"Wanijua, mama. Hawana la kuonyesha kwamba wanijua."

"Si wakuulize wewe mwenyewe?"

"Wanasema mimi siwezi kujishuhudia."

"Na shangazi yako?"

"Wanataka mzazi."

Akaweka kuti chini. "Na mzazi yuwatakiwa afanye nini?"

Nilikuwa nimelipanga neno hilo tangu kwenye feri, na lilipofika halikutoka. Nilimwambia tu kwamba wataka jina, lote. Akachukua kuti jingine, akaanza kuzungumza habari za bei ya nazi. Sikumwomba. Najua vyema sikumwomba, kwa sababu usiku kucha nililala nikijiuliza kama nitaweza kumwomba asubuhi. Lakini nilipoamka alikuwa ameshavaa buibui na kukaa kizingitini, viatu mkononi, kama mtu anayengoja kwenda mazikoni.

Tulipokuwa katikati ya feri, umesimama umati na baiskeli zao na matenga yao, akanisogelea sikioni.

"Baba," akasema, "lazima liwe la sauti?"

Nikamwambia sijui. Nilijua.

Kufika getini, mlinzi akasema mgeni haingii ndani mpaka adhaminiwe na mfanyakazi mwenye kadi yenye muhuri. Nikamwambia huyu mgeni ndiye anakuja kunipatia huo muhuri. Akasema anaelewa, na hakufungua. Akaenda kumwita karani, karani akamwita bwana, na bwana, kwa ule upole wake, akasema asisumbuliwe mama wa watu, jambo lifanyike hapo hapo kwenye dirisha la geti. Alifikiri anamfanyia hisani.

Ilikuwa saa ya zamu kubadilishana. Upande wa nje walisimama wanaoingia, upande wa ndani wanaotoka, na dirisha lilikuwa katikati. Wengi walikuwa wa kwetu, Timbwani na Mtongwe. Baadhi yao walimjua babu, walisali naye, walimbeba alipokufa.

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Wamjua huyu?"

"Nimemzaa."

"Jina lake ni nani?"

Mama akashika ukingo wa dirisha. Karani akasubiri. Kisha akainama mbele na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, naelewa. Nitalitaja mimi, nawe itikia kwa kichwa tu." Nilimpenda sana wakati ule. Lakini bwana alikuwa amesimama nyuma yake, naye Kiswahili alikijua kuliko tulivyodhani. Akasema hapana, samahani. Karani akilitaja yeye, mwanamke yeyote anaweza kutikisa kichwa kwa mtu yeyote. Lazima litoke kwake. Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ningalikuwa mimi ndiye bwana ningalisema vivyo hivyo.

Hapo mzee mmoja wa Mtongwe, aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, akageuka akatupa mgongo. Akasimama akitazama barabara. Aliyekuwa nyuma yake akaona, akaelewa, naye akageuka. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja, na upande wa ndani pia, mpaka watu wa zamu zote mbili wakawa wametupa visogo, hata wa bara ambao hawakujua kuna nini. Bwana akawatazama kwa mshangao. Mimi nikabaki peke yangu nimeelekea kwa mama, kwa sababu kanuni ilitaka anitazame.

Akalitaja. Lilitoka dogo sana, pamoja na pumzi.

"Hakusikika," bwana akasema.

Akalitaja tena. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusikia jina langu kwa sauti ya mama, na mwili ulinisisimka kama nimeitwa na maiti.

"Na la babake?"

Babangu alikuwa amekufa miaka mingi. Mama alifunga macho, akalitaja.

"Na la babu yake?"

Akafungua macho, akamtazama karani kama anayemwuliza je, nimeshalisema, si hilo hilo? Karani alikuwa ameinamia karatasi, masikio mekundu. Mama akalitaja mara ya tatu. Karani akapiga muhuri, na mlio wake ulisikika geti zima. Watu wakageuka, foleni ikaanza kusogea. Nikaishika kadi yangu, nikaambiwa niingie kazini mara moja, zamu imekwisha kuanza. Mama aliachwa nje. Nilipokuwa napita, karani akamwambia, bila kumtazama, "Mwisho wa mwezi uje tena, mama. Mpaka kidole kirudi."

Kidole hakikurudi, maana mimi sikutoka kwenye soda. Niliomba nihamishiwe kwenye kupaka rangi. Wakasema uhamisho unathibitishwa kwa alama ya kidole. Nilicheka mpaka nyapara akadhani nimelewa.

Basi mama akawa anakuja kila mwisho wa mwezi. Mara za kwanza alijiziba nusu ya uso kwa buibui, na watu waligeuka, na baada yake alikaa siku nyingi bila kuja kututembelea. Nilimwambia nitaacha kazi. Akaniuliza mkeo na mtoto watalala wapi, na mwezi ukaisha akaja. Kisha foleni ikachoka kugeuka. Wapya walioajiriwa hawakujua habari hiyo, wakamtazama tu. Yule mzee wa Mtongwe aliendelea kutupa mgongo peke yake mpaka alipostaafu. Mama naye akazoea njia. Akajuana na walinzi, akawaletea makaimati ndani ya kibakuli, wakamwekea kiti kivulini. Mwezi mmoja alifika, karani hajainua kichwa, akalitaja jina lote kwa mpigo mmoja, mkwe mume mkwe, akamwuliza na habari ya mtoto wake aliyekuwa na surua. Karani akapiga muhuri. Mimi nilisimama pale na kadi mkononi. Nilikuwa na hasira, na sikuona wa kumkasirikia. Wote walikuwa wema.

Uhuru ulipokuja bwana yule alikwenda kwao, akatuaga kwa mikono mmoja mmoja. Aliyemfuata alikuwa mwenzetu, naye katika juma la kwanza aliuliza kile chumba alimokaa karani na wino wake ni cha nini, akaamuru kitiwe makopo ya rangi. Gunia la visahani likafunguliwa. Vilikuwa vimeota kutu ya kijani, tukavisugua kwa soda, nami nikapata namba nyingine si ile yangu. Mzee wa stoo akaanza tena kutukazia macho. Wenzangu wa Likoni feri ilipokwama nikawabebea.

Nikavuka Jumapili hiyo kwenda kumwambia mama kwamba imekwisha, hatatakiwa tena dirishani. Nilikuwa nimenunua kitambaa cha kumshukuru. Nilimwona tangu njiani, yuko uani na makuti yake, amenipa mgongo, anahangaika na ufito uliokuwa ukimteleza. Akasikia hatua zangu, akazijua. Bila kugeuka akaniita nije nimshikie, akaniita kwa jina langu, kama mtu anavyomwita mtu yeyote. Nikasimama pale pale nikingoja ashtuke, ajizibe mdomo. Akaniita tena, kwa sauti zaidi, akidhani sikusikia.